Kadi ya bima itatufikisha kwa daktari. Halafu?



Tangu Bunge lipitishe Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote mwaka 2023, vijiweni hapa Pongwe mjadala ni kadi tu: nani atapata, nani atalipa. Sawa. Mimi nauliza la baada ya kadi: ukishaingia kwa daktari, mnaongeaje?

Mjomba wangu ana busha. Pwani yetu ugonjwa huu si mgeni. Unaletwa na minyoo inayosambazwa na mbu, na mpango wa taifa wa kuitokomeza ulianza mwaka 2000 kule Mafia. Nilimsindikiza kituo kimoja (jina kapuni). Mlango wazi, foleni inachungulia, daktari wa umri wa wajukuu zake kainamia daftari: "Unaumwa nini?" Mzee akajibu, "Homa homa tu, mwanangu." Akapimwa malaria, hana, akapewa Panadol. Tukarudi nyumbani na busha letu.

Mwezi uliofuata, kituo kingine. Daktari kijana vilevile, lakini huyu alisimama, akafunga mlango: "Shikamoo mzee, karibu." Akauliza za nyumbani. Kisha: "Na lipi jingine linakusumbua?" Halafu akanyamaza. Mzee akanitazama, nikaelewa, nikatoka nje. Dakika tano tu, ya miaka saba yote yakasemwa. Akaandikiwa rufaa ya upasuaji.

Msiniambie ni foleni tu. Huko Marekani, Beckman na Frankel walionyesha mwaka 1984 kwamba daktari humkatiza mgonjwa baada ya wastani wa sekunde 18. Hapa kwetu Leonard na Masatu waliwafuatilia matabibu mkoani Arusha, matokeo yakachapishwa 2006: mtafiti akiingia chumbani wanahudumia vizuri zaidi, wakishamzoea wanarudi kulekule. Maana yake nini? Kujua wanajua!

Mtu wa pwani hasemi la aibu mbele za watu, na jambo lenyewe hulitoa mwisho, akishaona anasikilizwa. Ukimuwahi na cheti cha dawa, umetibu salamu tu, ugonjwa hujauona.

Basi serikali ikihesabu kadi, ihesabu na hivi: mlango unaofungika, pazia, na swali la pili. Bei yake haifiki ya mashine hata moja.

Wadau, nyie mmekutana na daktari yupi, wa kwanza au wa pili? Na madaktari mliomo humu, upande wenu mnasemaje? Karibuni.