Baada ya Mutomboko, Tupande Kalungwishi

Kila mwisho wa Julai Mwansabombwe hufurika. Watu hutoka Nchelenge, Kashikishi, Mansa hadi Lusaka, na wengine huvuka mto Luapula kutoka upande wa Congo, waje kumwona chifu wetu Mwata Kazembe akicheza ngoma ya Mutomboko, shoka mkono mmoja na upanga mkono wa pili. Ngoma hulia, vumbi hutimka, bei ya kuku hupaa. Jumapili asubuhi magari hugeuza na kurudi kwa lami ile ile yaliyojia. Wanaouliza njia ya kupanda milimani Kawambwa ni wa kuhesabu, na wengi wao ni wageni wa mbali wenye mahema juu ya gari.

Ndugu zangu wa ziwani, wa kisiwani Kilwa, wa Nchelenge na Kashikishi, nanyi majirani zetu wa Kilwa ya ng'ambo, Pweto na Kasenga: mwaka huu msirudi upesi. Ongezeni siku mbili, mpande milimani. (Msomaji wa pwani asichanganyikiwe. Kilwa yetu si ile ya Lindi yenye msikiti wa kale. Ni kisiwa ndani ya Ziwa Mweru, upande wa Zambia, na ukingo wa magharibi wa ziwa hilo hilo una mji wa Congo wenye jina hilo pia.)

Huko juu kuna nini? Kwanza kuna baridi, na kwa sisi tuliozoea joto la bondeni hiyo peke yake yatosha kuwa safari. Ziwa letu liko takriban mita 920 juu ya usawa wa bahari. Kutoka Mbereshi barabara inapanda, joto linabaki nyuma, na kabla ya Kawambwa kuna njia ya kwenda Ntumbachushi, maporomoko ya mto Ng'ona. Hapo mtoto wa miaka saba anafika kwa miguu yake bila kubebwa. Mbele ya Kawambwa ni mashamba ya chai, kisha njia ya Mporokoso, na kwenye njia hiyo ndipo unapochepuka kwenda Lumangwe.

Lumangwe ni mto Kalungwishi wote ukianguka kwa pamoja, kama mita 35 kwenda chini, ukuta wa maji wenye upana unaozidi mita 100. Wageni hupenda kuyafananisha na Mosi-oa-Tunya, mimi sioni haja ya kuyapima kwa maporomoko ya mtu mwingine. Mto ukiendelea kidogo unaanguka tena Kabwelume, ambako maji huja kutoka pande kadhaa na kukuzunguka hata hujui uelekeze macho wapi. Chini zaidi ni Kundabwika. Manyunyu ya maporomoko haya hulowesha kingo usiku na mchana, mwaka mzima, kwa hiyo mahali ambapo majirani zake ni nyasi kavu na miti ya miombo, hapo pembeni mwa maji umeota msitu wa kijani kibichi, wenye kuvu na ndago, kama vile umeng'olewa Congo ya kati ukapandikizwa Luapula. Wazee husimulia kuwa Lumangwe ni nyoka mkubwa anayejinyoosha kati ya poromoko moja na jingine. Mahali hapa ni pa heshima, kwa hiyo muulizeni mwenyeji lipi linafaa na lipi halifai kabla ya kuvua viatu na kuanza kupiga kelele.

Ng'ambo ya Kalungwishi, upande wa kusini-magharibi, ndiyo Hifadhi ya Taifa ya Lusenga Plain, kilomita za mraba 880, iliyotangazwa mwaka 1972. Nisiwadanganye kuhusu Lusenga. Si Luangwa Kusini. Hutakuta tembo wamejipanga mtoni wakikusubiri upige picha, na anayetaka kumwona simba kabla ya chai ya saa nne atafute pengine. Ujangili wa miongo mingi uliimaliza hifadhi hii karibu kabisa. Baadaye serikali ikaleta wanyama kutoka kwingine kwa malori, pundamilia, swala pala, sheshe na wenzao, ili waanze upya. Kwa hiyo Lusenga ni hifadhi ya mtu mwenye miguu na subira. Unatembea na askari wa wanyamapori, unajifunza kusoma nyayo kwenye matope, unasimama kusikiliza. Ukibahatika unamwona mnyama, na usipobahatika umetembea.

Lakini mimi siwaiti kwa ajili ya pundamilia. Nawaita kwa ajili ya mushitu.

Watu wa Kawambwa wanaujua vizuri. Mushitu ni msitu wa bondeni, mahali maji ya chini ya ardhi yanapotokeza juu. Unatembea kwenye miombo mnamo Septemba, nyasi zimeungua, majani mapya ya miti yanachipua yakiwa mekundu kama shaba, jua linakuchoma kisogo. Ghafla mbele yako kuna ukuta wa kijani. Ukiingia, hatua kumi tu, jua limezimika. Udongo ni mweusi na unabonyea. Mizizi imesimama nje ya tope kama magoti. Miti ni mirefu, imenyooka, imefungwa kwa mitambaazi, na juu kabisa kuna shorobo, ndege wa rangi ya zambarau ambaye mabawa yake hayaonyeshi wekundu wake mpaka aruke. Kima hupita matawini. Chini hupita paa mdogo ambaye hazidi sana ukubwa wa sungura, na funo mkubwa mwenye mgongo wa manjano ambaye wawindaji wenyewe humwona kwa nadra. Sijui msitu mwingine ambao mtu anaweza kuuvuka kwa dakika kumi na akatoka akiwa amenyamaza.

Sasa fuateni maji yake. Chemchemi za mushitu zinalisha vijito, vijito vinalisha Kalungwishi, Kalungwishi inaingia Ziwa Mweru. Kutoka ziwani maji hutokea Pweto kwa jina la Luvua, yakaungana na Lualaba, yakapita Kisangani na Kinshasa hadi Atlantiki. Mvuvi wa Kashikishi anayetandaza chisense wake, dagaa wa ziwa letu, mchangani wakauke, na mama anayewauza kwa kopo sokoni Lubumbashi, wote wawili wanaishi kwa maji yanayoanzia kwenye vivuli hivyo. Luapula ndiyo inayotuletea maji mengi zaidi, ni kweli. Ila Kalungwishi ni mto ambao kuanzia chemchemi hadi mdomo uko ndani ya uwezo wetu kuutunza, bila kusubiri mkutano wa nchi mbili.

Na msitu huu hauuawi kwa shoka peke yake. Moto huishia ukingoni mwake kwa sababu ndani ni kubichi. Lakini mtu akichoma nyasi mwishoni mwa kiangazi, wakati kila kitu kimekauka, moto unakula ukingo kidogo. Mwaka wa pili unakula tena. Baada ya miaka kadhaa mushitu uliokuwa shamba zima umebaki kichaka, na chemchemi inachelewa. Ongezeni hapo tanuri za mkaa, ongezeni ile tamaa ya mukula ya miaka ya 2010, wakati mti huo mwekundu ulipokatwa kwa pupa Luapula na mikoa mingine na kusafirishwa China magogo kwa magogo. Waliobaki na visiki ni wenye ardhi.

Tunajua kitu kikipotea kinavyopotea hapa. Mpumbu alikuwa samaki wa kujivunia wa bonde hili. Mvua zikianza alikuwa anapanda Luapula kwa makundi kwenda kutaga, na watu walikuwa wanamngoja kwa nyavu. Soko la migodi ya Katanga na Copperbelt likawa na njaa isiyoshiba, nyavu zikaongezeka, na kufikia mwaka 1950 au karibu na hapo msafara ule ulikuwa umekwisha. Leo mpumbu ni hadithi ya bashikulu, babu zetu. Vijana wengi wa Nchelenge hawajawahi kumla.

Ndiyo maana nasema tupande tukaone. Hifadhi isiyotembelewa na majirani zake inaamuliwa na watu wa mbali. Upo mpango wa miaka mingi wa kujenga vituo vya umeme kwenye Kalungwishi, Kabwelume na Kundabwika, vyote viwili vikikadiriwa kutoa megawati 247. Mimi si adui wa umeme. Aliyekaa gizani wakati wa mgao wa umeme, akaona samaki waliogandishwa wakiyeyuka mbele yake, hawezi kuudharau. Lakini mjadala wa kiasi gani cha maji kibaki kikianguka, na nani alipwe nini, unataka watu waliowahi kusimama pale na kulowa. Ukimuuliza mtu wa Kashikishi habari za Kabwelume akakujibu kwamba amesikia tu, basi amekwisha kumwachia mwingine aseme kwa niaba yake.

Mtu atasema utalii ni wa wenye pesa. Nendeni Unguja mkaone Jozani. Ule ni msitu mdogo, na hifadhi ya taifa ya Jozani na Ghuba ya Chwaka, iliyotangazwa mwaka 2004, haifiki hata sehemu ya kumi ya Lusenga. Humo mna kima punju, ambaye hapatikani popote duniani ila Zanzibar, na hesabu iliyotangazwa mwaka 2017 ilikuta kisiwani kote wamezidi 5,800. Wakulima wa vijiji vya jirani walikuwa na ugomvi naye wa haki kabisa, anakula mazao. Kilichosaidia ni kwamba sehemu ya viingilio inarudi vijijini, wenyeji ndio waongozaji, na barabara inayokatiza msitu ikawekewa matuta ili magari yasiwagonge wanyama. Siku hizi wanafunzi wa Unguja hupelekwa Jozani kama sisi tunavyopelekwa sherehe za uhuru. Sheria ya Zambia nayo inatambua bodi za jamii za maliasili, na raia hulipa kiingilio kidogo kuliko mgeni. Mlango tunao, wapitaji ndio hawapo.

Basi, ya safari yenyewe. Mei hadi Julai maji bado ni mengi na njia zimekauka, huo ndio wakati mzuri kuliko wote. Agosti hadi Oktoba wanyama huonekana kwa urahisi zaidi, ila maporomoko hupungua. Wavuvi najua mapumziko yenu ni Desemba hadi mwisho wa Februari, uvuvi ukifungwa, lakini miezi hiyo njia ya Lumangwe ni tope. Kama ndio muda pekee mlio nao, nendeni Ntumbachushi, mtayakuta maji yakinguruma kwelikweli. Jazeni mafuta Kawambwa, msitegemee kuyapata mbele. Bebeni pesa taslimu, chakula chenu na maji. Bukari, yaani ugali, ya muhogo na chisense wa kukaanga hukaa vizuri mpaka kesho yake.

Chandarua ni lazima. Nchelenge ni miongoni mwa wilaya zenye malaria nyingi zaidi Zambia, kwa hiyo wengine wetu tunaweza kuwa tumeibeba mwilini tukiwa tunapanda. Mwenye homa apimwe kwanza. Kwenye maporomoko hakuna uzio wa maana, na jiwe lenye ukungu wa kijani halimjali mzazi wala mtoto: shikeni watoto mikono. Mtoni juu na chini ya maporomoko msiogelee mahali ambapo mwenyeji haogelei, mamba na viboko hawana bango. Ndugu wa Congo, piteni mpakani rasmi na kibali mkononi, msivuke usiku kwa mtumbwi kwa sababu tu njia mnaijua. Na yeyote atakayeuziwa nyama ya porini njiani, akatae. Hiyo ndiyo iliyoimaliza Lusenga mara ya kwanza.

Walimu wakuu wa shule za ziwani, nawaomba kwa namna ya pekee. Darasa la saba wana ramani ya Mosi-oa-Tunya ukutani na hawajaona poromoko lililo wilaya ya pili. Lori moja, chakula cha siku moja, barua moja kwa ofisi ya wanyamapori Kawambwa. Wenye nyumba za wageni Mwansabombwe na Nchelenge, wauzieni watu wa Mutomboko siku ya tatu na ya nne pamoja na gari la kwenda na kurudi, vyumba vyenu havitabaki tupu Jumapili. Vijana mnaojua njia, jiandikisheni muwe waongozaji, mgeni humlipa vizuri mtu anayejua jina la mti.

Na sisi wengine, tukifika, tusizunguke lango. Tulipe, tudai risiti, tusibishane na askari kwa kwacha chache. Kila kituo kina kitabu cha wageni. Andikeni majina yenu yakasomeka, na mahali mnapotoka muandike kikamilifu: Nchelenge, Kashikishi, Kilwa, Pweto.