Bi Harusi, Ukiambiwa "Ana Mbinu" Uliza Tena



Posa ikiletwa, tunauliza mengi. Anaswali? Ana kazi? Kwao ni watu gani? Swali moja tunaliruka: anabeti? Na tukilithubutu tunajibiwa, "Huyu hachezi kamari, ana mbinu."

Sisi mafundi cherehani wa Kalinzi, huku Kigoma, tunaona mwisho wa hizo mbinu. Kwetu harusi nyingi husubiri pesa ya kahawa. Kahawa ikilipwa, vitambaa vinaletwa, vipimo vinachukuliwa, sare za ndugu zinakatwa. Halafu bwana harusi hapokei simu, gauni linabaki limening'inia dukani. Ukifuatilia unaambiwa mkeka umechanika.

Mpira wa miguu usipokuwepo, wanahamia kriketi. Ipo kriketi fupi inaitwa T10: kila timu inarushiwa mipira 60 tu, na mechi inaisha kwa saa moja na nusu hivi. Ligi yake ya Abu Dhabi ilianzia Sharjah mwaka 2017. Kijana hajawahi kushika gongo la kriketi, lakini anakwambia ameisoma timu. Ameisoma wapi? Mechi fupi hivyo, mipira sita mibaya inaigeuza yote. Ufupi wake ndio unaofanya ubashiri uwe mgumu. Tena mwaka 2023 baraza la kriketi duniani, ICC, lilitangaza mashtaka dhidi ya watu wanane kuhusu rushwa katika ligi hiyo msimu wa 2021, wakiwamo wamiliki wa timu. Wengine walifungiwa. Wewe wa Kalinzi na bando lako la mia tano utawazidi ujanja hao?

Sasa tuzipime mbinu zenyewe, kama tunavyopima kitambaa kabla ya kukata.

Ya kwanza ni kudabo: ukiliwa, weka mara mbili. Anza na shilingi 1,000. Ukiliwa mara saba mfululizo umeshatoa 127,000. Mara ya nane unatakiwa kuweka 128,000. Kama odi ni 1.90, ukishinda unapata faida ya 115,200. Yaani umeshinda na bado una hasara ya 11,800!

Ya pili ni mkeka mrefu. Chukua mechi kumi, kila moja nusu kwa nusu, odi 1.90. Kupatia zote ni bahati ya mmoja kati ya 1,024, lakini ukipatia unalipwa kama mara 613 tu. Wakibeti watu 1,024 kwa buku buku na mmoja akapatia, zimeingia 1,024,000, anapewa 613,000. Zilizobaki ni za kampuni. Hapo kodi ya ushindi bado haijakatwa.

Ya tatu ni kununua mikeka ya uhakika kwenye magrupu ya simu. Muuzaji anawatumia watu mia timu hii, na mia wengine timu ile. Mechi isipotoka sare, lazima mia moja wapatie, na hao ndio wanaomtangaza kuwa fundi. Kama angekuwa na uhakika, angekuuzia wewe kwa elfu mbili?

Mtasema wapo wanaoshinda. Ndiyo, wapo. Bila mshindi mmoja wa kutangazwa, nani angeweka pesa yake? Mtasema pia serikali imeruhusu, ipo Bodi ya Michezo ya Kubahatisha na kampuni zina leseni. Leseni inamlinda mchezaji asidhulumiwe malipo yake. Haiigeuzi kamari kuwa biashara, wala haramu kuwa halali. Katika Surat Al-Maida, aya ya 90 na 91, Mwenyezi Mungu ameitaja kamari pamoja na ulevi, akatuonya kuwa inaleta uadui na kutuzuia na swala. Hapo hakuna nafasi iliyoachwa kwa mwenye mbinu.

Kwa hiyo tunasema wazi. Walii aulize mahari yametoka wapi kabla ya kuyapokea. Mahari ni haki yako, bi harusi, yaje kwa jasho safi hata yakiwa kidogo. Masomo, mkimfunda mwari kuhusu udi na liwa, mfundisheni pia kuuliza pesa ya nyumba inakwenda wapi. Na wewe dada uliyekwisha olewa, usitoe hela ya kikoba kumkomboa mtu "arudishe iliyoliwa". Iliyoliwa imekwenda. Anayetaka kutubu anafuta programu kwenye simu na kurudi shambani, mlango wa toba uko wazi, nasi tutamshonea kanzu kwa furaha.

Biashara tunaijua sisi. Unanunua kitenge, unashona, unauza, mteja anaondoka na nguo na wewe unabaki na faida. Kwenye kubeti mmoja anaondoka na pesa, mwingine anaondoka mikono mitupu.

Allah awape mabinti zetu waume wenye riziki ya halali. Amin.