Dhahabu dhidi ya saratani: Faida haiko mgodini

MKULIMA anayepimwa malaria kwenye zahanati ya kijiji huenda hajui kuwa anapimwa kwa dhahabu. Tone la damu huwekwa kwenye kipimo cha haraka, na baada ya dakika 15 au 20 mistari myekundu hujitokeza. Katika vipimo vingi vya aina hiyo, wekundu ule ni chembe za dhahabu, ndogo kiasi kwamba hazionekani hata kwa darubini ya kawaida.

Dhahabu ya pete ni ya njano. Lakini ikitengenezwa kuwa chembe zenye upana wa nanomita 20 hadi 40, hubadilika rangi na kuwa nyekundu. Nanomita moja ni sehemu moja ya bilioni ya mita. Unywele wa binadamu una unene wa nanomita 80,000 hivi. Mwanasayansi Michael Faraday alieleza rangi hiyo jijini London mwaka 1857. Leo chembe hizo hizo zinatafutiwa kazi kubwa zaidi: kutambua na kutibu saratani.

Habari hizo zimeamsha matumaini ya aina mbili. Mgonjwa anasubiri dawa, na wenye migodi na wachimbaji wadogo wanatazamia soko jipya. Matumaini yote mawili yanahitaji kupimwa kwa makini.

Kazi iliyofika mbali ni ile iliyoanzia Chuo Kikuu cha Rice, Houston, nchini Marekani. Mwaka 2003 timu ya watafiti Naomi Halas na Jennifer West ilionyesha, kwa kutumia panya, kwamba chembe za madini ya mchanga zilizofunikwa kwa dhahabu zinaweza kuchoma uvimbe. Chembe hupita kwenye mishipa ya damu ya uvimbe, ambayo huvuja kuliko mishipa ya kawaida, kisha hujikusanya humo. Daktari akimulika kwa leza, dhahabu hupata joto na kuua seli zilizo karibu, huku nyama ya pembeni ikinusurika.

Mwaka 2019 yalitangazwa matokeo ya majaribio kwa wanaume 16 wenye saratani ya tezi dume jijini New York. Tiba ilikamilishwa kwa 15, na madaktari hawakuona tofauti kubwa katika kukojoa wala nguvu za kiume, mambo mawili ambayo upasuaji wa kawaida huweza kuyaharibu.

Njia nyingine ni kuipa nguvu mionzi. Mwaka 2004 ilielezwa kuwa asilimia 86 ya panya waliopewa chembe za dhahabu kabla ya mionzi walikuwa hai baada ya mwaka mmoja, ikilinganishwa na asilimia 20 ya waliopewa mionzi peke yake.

Hata hivyo, panya si binadamu, na watu 16 si taifa. Uchambuzi wa tafiti nyingi za wanyama, uliotolewa mwaka 2016 na wanasayansi wa Toronto, Canada, ulionyesha kuwa kwa wastani chini ya asilimia moja ya chembe za aina mbalimbali zinazodungwa mwilini ndiyo hufika kwenye uvimbe. Nyingi huishia kwenye ini na bandama, na dhahabu haiozi. Ndiyo maana kila hatua hudai majaribio ya miaka mingi na fedha nyingi, na ndiyo maana tiba hiyo bado haijawa ya kawaida hospitalini.

Kwenye upimaji, hali ni tofauti. Teknolojia ile ile ya kipimo cha malaria tayari inatumika kwenye vipimo vya kutafuta damu iliyojificha katika choo, dalili mojawapo ya saratani ya utumbo mpana, na kwenye vipimo vya haraka vya protini ya tezi dume. Havitoi hukumu ya mwisho, lakini humwonyesha mganga nani apelekwe mbele haraka.

Hapo ndipo penye uzito kwa Tanzania. Wengi wa wagonjwa wanaofika Taasisi ya Saratani Ocean Road, Dar es Salaam, hufika ugonjwa ukiwa umekwishasambaa. Kwa mtu huyo, hata dawa ya kisasa kabisa humsaidia kidogo. Kipimo cha bei nafuu kilichofanywa mapema kinaweza kumwokolea maisha, na hata shamba ambalo familia ingeliuza kulipia matibabu.

Na mchimbaji je? Hesabu haimpi mengi. Oktoba 2025 bei ya dhahabu ilivuka dola 4,000 kwa wakia moja, yaani takriban dola 128 kwa gramu. Gramu hiyo ikigawanywa kwa vipimo 10,000, kila kimoja kinabeba dhahabu ya senti moja na kidogo ya dola. Kinacholipiwa ni ujuzi: kutengeneza chembe zenye ukubwa sawa, kuzibandika kingamwili, na kuthibitisha kuwa hazikosei.

Ni hadithi ambayo mkulima wa pamba wa Kanda ya Ziwa anaifahamu vizuri. Pamba huondoka ikiwa robota na kurudi ikiwa shati. Tanzania imepiga hatua kwa kufungua kiwanda cha kusafisha dhahabu jijini Mwanza mwaka 2021, lakini kati ya mche wa dhahabu safi na kipimo cha zahanati bado kuna safari ndefu, na njia yake inapita maabara za vyuo vikuu. Afrika Kusini iliiona njia hiyo mapema: taasisi yake ya utafiti wa madini, Mintek, imefanya utafiti wa matumizi mapya ya dhahabu, yakiwamo ya tiba, kwa kushirikiana na kampuni za migodi.

Wakati huo huo, wananchi wajihadhari na wauzaji wa "maji ya dhahabu" ya kunywa. Hayajathibitishwa kutibu saratani ya aina yoyote. Anayeyanunua hapotezi fedha tu, bali hupoteza miezi ambayo angeitumia kupimwa na kutibiwa.