Picha Itokayo Nje ya Fremu

Bila shaka wengi wenu mmekwisha kuona picha za namna hii. Ng'ombe wa malisho ya Masisi amesimama ndani ya fremu nyeupe, lakini pembe zake na mguu mmoja wa mbele vimevuka ukingo, kana kwamba ataka kushuka mezani. Mtoto akiiona, hunyosha kidole amguse. Leo tutazame jinsi kazi hiyo ifanywavyo, kisha tutazame jambo zito lililo nyuma yake.

Kwanza mpiga picha huishika kamera chini, karibu na kwato, ili mguu wa mbele uonekane mkubwa. Halafu kazi huendelea katika kompyuta, au hata katika simu. Programu ya kutengeneza picha hupanga tabaka moja juu ya lingine, kama karatasi nyembamba. Fundi huchora fremu juu ya picha, na mara nyingi huilaza kidogo, upande wa mbali ukiwa mfupi kuliko wa karibu. Kisha hufuta majani, vilima na mbingu vilivyo nje ya fremu, ila pembe na mguu haviondoi. Mguu unapokutana na fremu, hufuta kipande cha fremu ili mguu upite juu yake. Mwisho hutia kivuli chembamba, na kazi imekwisha.

Mbona jicho ladanganyika? Kwa sababu tangu utotoni limezoea kwamba kitu kinachoziba kingine ki karibu zaidi, na kwamba kivuli kilichoachana na kitu chaonyesha kuwa kitu hicho kimeinuka. Jicho lasadiki kabla akili haijauliza.

Ujanja huu ni wa zamani. Mwaka 1874 Mhispania Pere Borrell del Caso alichora kijana anayeshika kingo za fremu na kutoa mguu nje, macho yamemtoka, kama mtu anayeikimbia picha yake. Lakini hakumdhulumu mtu. Fremu yaonekana, na kila atazamaye ajua kuwa ni mchezo wa macho. Fremu ndiyo isemayo kweli.

Hatari yaanza pale picha inapotupa fremu yake. Ufundi ule ule unaomtoa ng'ombe malishoni waweza kumtoa mtu mahali pake na kumbandika pengine. Tena mara nyingi hapana haja ya kukata: picha ya kweli ya vita vingine, ya mwaka mwingine, huletwa katika simu na maneno haya, "Hii ni Masisi, leo asubuhi." Haina mahali, haina siku, haina mpigaji.

Katika Masisi na Walikale jambo hili si mchezo. Januari 2025 wapiganaji wa M23 waliingia Masisi-Centre. Mwezi wa Machi waliingia Walikale-Centre, wakatoka mwanzoni mwa Aprili. Katika siku kama zile mama hana muda mrefu wa kuamua: akae, ama awachukue watoto ashike njia ya msitu. Akidanganywa na picha, huenda akakimbia bure na kuacha shamba na wagonjwa, au akabaki ilipompasa kukimbia. Na picha ya uongo ikimtaja jirani kwa kabila lake, yaweza kuwasha moto usiozimika upesi.

Kuna hasara ya pili. Watu waliodanganywa mara nyingi hawasadiki tena hata picha ya kweli, nasi Wakongo twaujua uzito wake. Mwaka 1904, kule Baringa, mmisionari Mwingereza Alice Seeley Harris alimpiga picha Nsala, ameketi akiutazama mkono na mguu wa binti yake aliyeuawa na walinzi wa kampuni ya mpira. Picha ile ilionyeshwa Ulaya na Marekani, ikaongeza nguvu za wale waliopiga kelele hata mfalme Leopold II akaiachia nchi mwaka 1908. Ingekuwaje kama watu wangejibu, "Hiyo ni ya kutengenezwa tu"?

Basi ninyi wanafunzi, jifunzeni ufundi huu. Una furaha, na una riziki katika picha za arusi na za Komunyo ya kwanza. Lakini kila picha ya vita iletwayo, idaini fremu yake: nani aliipiga, wapi, siku gani? Tazameni vivuli: kama cha mmoja chalala kushoto na cha mwenzake kulia, huenda mmoja wao amebandikwa. Tazameni vilima, miti, na maandishi ya ukutani. Msipopata jibu, msiipeleke mbele.

Wazee husema njia ya mwongo ni fupi. Nasi twaweza kuifupisha zaidi, kila mmoja kwa simu yake, isimfikie jirani.