Sifa Zisifiche Kazi

Kila lugha ina desturi yake ya kuoanisha maneno. Kiingereza kinapoeleza jambo lililokwenda vizuri hakiokoti maneno ovyo: mafanikio yana sifa zake, maendeleo yana kitenzi chake, na ushindi una picha yake. Katika miaka ya 1950 mtaalamu wa isimu wa Chuo Kikuu cha London, J. R. Firth, alilipa suala hili uzito, akieleza kwamba sehemu ya maana ya neno hutokana na maneno ambayo huandamana nalo. Jambo hilo laweza kudhaniwa kuwa ni la wasomi peke yao. Kwa mwalimu na mtumishi wa umma wa Tanzania, ni jambo la kazi ya kila siku.

Tumwangalie kwanza mwalimu. Katika shule za sekondari, ambako Kiingereza ndicho lugha ya kufundishia, mwanafunzi anayetaka kusema kuwa kijiji chake kimepata maendeleo huandika "get development", kwa kuwa ndivyo Kiswahili kisemavyo. Mwingereza husema "make progress", kana kwamba maendeleo hufanywa, hayapatwi. Mwanafunzi huyo hakuvunja sarufi. Amelipa neno mwenzi asiye wake. Kumkaripia hakutamsaidia. Afundishwe maneno yakiwa pamoja na wenzi wake, wala si kukaririshwa orodha ya neno moja moja.

Kwa mtumishi wa umma kosa hugeuka upande wa pili. Ushindi mkubwa wa uchaguzi, Kiingereza huuita "landslide", yaani maporomoko ya ardhi. Picha hiyo ikihamishwa kama ilivyo, itamwambia nini mwananchi wa Hanang, ambako Desemba 2023 maporomoko ya matope yaliua watu na kufukia nyumba? Kiswahili kina ushindi wa kishindo, na kinatosha. Aliyefaulu sana mtihani, Kiingereza humsifu kwa "flying colours", bendera zipepeazo merikebuni. Kiswahili husema ametia fora, na fora ni ushindi wa mchezoni. Msafiri wa Kiingereza hufika "safe and sound". Wa kwetu hufika salama salimini, na kama ana siha njema, yu buheri wa afya. Lugha yenye hazina hii haina sababu ya kwenda kuomba sifa kwa jirani.

Hata hivyo, hatari kubwa zaidi ni mazoea. Maneno yaliyozoea kuandamana hufika mwisho yakajiandika yenyewe. Mwaka 1946 mwandishi Mwingereza George Orwell aliulalamikia ugonjwa huo katika siasa za nchi yake, akaonya kuwa mafungu ya maneno yaliyo tayari humfikiria mwandishi badala ya mwandishi kufikiri mwenyewe. Ugonjwa huo haukuishia Uingereza. Taarifa ya ofisi inapotangaza "mafanikio makubwa" katika kila ukurasa, msomaji hawezi kujua kama kisima kimechimbwa au kimepangwa tu, wala kama bomba linatoa maji au limekauka. Sifa imekaa mahali pa kazi.

Kazi ya kweli haihitaji pambo. Mwaka 1967, theluthi mbili hivi ya watu wazima wa Tanzania Bara hawakujua kusoma wala kuandika. Baada ya kampeni za kisomo, takwimu rasmi za mwaka 1986 zilionyesha kuwa waliobaki gizani walikuwa chini ya asilimia 10. Hata neno "makubwa" likifutwa hapo, hakuna kinachopungua. Mkulima aliyejifunza kusoma mizani ya pamba asipunjwe, yeye mwenyewe ndiye sifa.

Basi ni wajibu wa mwalimu kumwonyesha mwanafunzi kwamba kila lugha huvalisha mafanikio vazi lake. Na ni wajibu wa mtumishi wa umma, kabla ya kuandika kwamba juhudi zimezaa matunda, kuyahesabu matunda hayo na kutaja nani ameyala. Mwananchi anayesubiri maji hatakata kiu kwa kivumishi.