Tabia Hatarishi kwa Vijana Balehe: Onyo Moja Haliwafai Wote

Ajenda ya kitaifa ya afya na maendeleo ya vijana balehe, iliyozinduliwa na Serikali mwaka 2021, ina nguzo sita, zikiwemo kuzuia maambukizi ya VVU, kupunguza mimba za utotoni na kuwabakiza wanafunzi shuleni. Pale ambapo hakuna shuruti wala ukatili, mafanikio ya nguzo hizo hutegemea pia uamuzi ambao kijana huufanya kwa dakika chache, akiwa na hasira, aibu au hamu ya kukubalika na wenzake.

Jawabu lililozoeleka ni onyo: wanafunzi hukusanywa, mgeni hualikwa, madhara ya bangi hutajwa. Hata hivyo, kijana anayepanda bodaboda kwa mtindo wa mishikaki anajua kuwa ajali zipo. Mwaka 2005 watafiti wa Marekani, Margo Gardner na Laurence Steinberg, walichapisha matokeo ya jaribio la mchezo wa kuendesha gari kwenye kompyuta. Vijana wa miaka 13 hadi 16 walijihatarisha zaidi walipokuwa na wenzao kuliko walipokuwa peke yao. Kwa watu wazima, tofauti hiyo haikuonekana. Kilichopungua hapo si maarifa, bali uwezo wa kuyatumia wakati hisia zimepanda.

Uwezo huo huanza kujengeka mapema. Huko Dunedin, New Zealand, zaidi ya watoto 1,000 waliozaliwa mwaka 1972 na 1973 wamefuatiliwa hadi utu uzima. Waliokuwa na udhibiti mdogo wa nafsi utotoni walielekea zaidi kuvuta sigara wakiwa na miaka 15, kuacha shule mapema na kupata watoto bila kupanga. Tofauti hizo zilibaki hata baada ya kuzingatia akili na hali ya uchumi ya familia. La kutia moyo ni kwamba walioimarika katika udhibiti huo kadiri walivyokua walipata matokeo mazuri zaidi.

Haiba nayo ina nafasi yake. Wanafunzi wawili wanaovuta bangi nyuma ya madarasa huenda hawana sababu moja: mmoja anatafuta msisimko, mwingine ananyamazisha huzuni. Huyu wa pili, akielezwa hatari tu, huongezewa mzigo. Mpango wa Preventure, uliojaribiwa katika shule za London, huwagawa vijana kwa mielekeo minne: kukata tamaa, wasiwasi, pupa na kupenda msisimko, kila kundi hupewa mafunzo yake kwa vipindi viwili tu.

Gharama ya vipindi viwili si kubwa. Kazi iko katika kumtambua kijana mapema. Nchini, Huduma ya Simu kwa Mtoto, namba 116, hupokea simu bila malipo, lakini humsaidia yule aliyekwisha kuamua kuzungumza. Anayenyamaza hujulikana kwanza na mwalimu wa darasa, ambaye humfahamu mwepesi wa hasira na aliyejitenga. Taarifa hiyo huweza kuishia kwenye kitabu cha adhabu kabla haijamfikia mwalimu wa ushauri na unasihi.