Majina matatu, namba moja

V. Y. Mudimbe alizaliwa hapa kwetu mwaka 1941, wakati Likasi ingali ikiitwa Jadotville. Jina lake lilikuwa Valentin-Yves. Mwaka 1972, Mobutu alipopiga marufuku majina ya Kikristo, akawa Vumbi Yoka. Herufi V na Y zilibaki palepale, na msomaji hakupotea. Ni wachache wenye bahati hiyo.

Sisi wengine tuna majina matatu, la ubatizo likija mwisho. Watoto wa tumbo moja wanaweza wasiwe na hata jina moja la pamoja. Majarida mengi ya ng'ambo hudhani jina la mwisho ndilo la ukoo, basi mtafiti wetu anaorodheshwa chini ya «Joseph». Makala yake nyingine inawekwa chini ya Ilunga, na akina Ilunga hapa Katanga ni wengi mno. Kazi za mtu mmoja zinagawanyika, za watu watatu zinachanganywa.

Kwa hiyo naona kila mwanafunzi wa kitivo chetu ajiandikishe ORCID kabla ya kutoa memwari yake. Ni namba ya tarakimu 16, inayotolewa bure tangu 2012 na shirika lisilotafuta faida. Ndani yake unaandika majina yote uliyowahi kutumia, na kazi zako zinakusanyika mahali pamoja.

Wapo wanaosema mtu si namba. Nawaelewa: huu ni mji wa Gécamines, na matrikule tunaijua. Lakini matrikule ni ya kampuni. Namba hii ni yako. Ukihama chuo unahama nayo, na wewe ndiwe unayeamua nini kionekane na nini kifichwe.

Namba haiboreshi utafiti mbovu, wala haifungui kabati ambamo memwari zetu zinakula vumbi. Hata hivyo, anayekusanya methali za Kisanga au maneno ya Kiswahili cha migodini anafanya kazi ambayo wengine watahitaji kuitaja. Wakishindwa kujua ni nani, hawatamtaja.

Waalimu wetu, ombi langu ni dogo: kwenye jalada la memwari, chini ya yale majina matatu, itakeni na namba.